Jaribio limepita, kwa hiyo nini? Mwongozo kamili wa kuhoji mbinu na istilahi za upimaji wa programu

Mwaka 2013 zilitoka sehemu za kwanza za kiwango cha kimataifa cha upimaji wa programu, ISO/IEC/IEEE 29119. Mwaka uliofuata baadhi ya wapimaji walikusanya saini mtandaoni wakitaka kisitishwe, wakidai kwamba ndani ya taaluma hakuna maafikiano ya kweli juu ya yaliyoandikwa humo. Uwe upande wowote, ugomvi ule unaonyesha kwamba istilahi za upimaji zilitungwa na watu, kwa ajili ya miradi yao na shida zao. ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya wapimaji iliyoundwa 2002, ina faharasa yake. Kampuni nyingi zina za kwao. Timu mbili zilizo ghorofa moja zinaweza kusema "jaribio la yuniti", yaani la kipande kidogo cha programu, kila moja ikiwa na kitu chake kichwani, na zikaendelea hivyo mwaka mzima bila kugundua.

Mwongozo huu ni wa mpimaji, wa mwanaprogramu anayeandika majaribio yake mwenyewe, na wa meneja anayepokea ripoti na kuamua kama toleo jipya litoke au lisitoke. Hautakufundisha kukariri istilahi. Utakuonyesha namna ya kuzibana hadi ziseme jambo linaloweza kukaguliwa. Msimamo wangu ni huu: kila mbinu ya upimaji ni dhana kuhusu mahali dosari zinapojificha. Dhana hiyo huwa sahihi mahali fulani, na mahali pengine ni kipofu kabisa. Asiyeweza kusema mbinu yake haioni nini bado hajaijua.

Hatua ya 1: Geuza kila neno kuwa dai

Chukua neno lolote lililo kwenye mpango au ripoti yako ya upimaji. Chini yake andika majibu ya maswali matatu. Dosari ya aina gani ingefanya jaribio hili lishindwe? Tungejuaje kwamba limeshindwa? Na dosari ipi ingepita hapa bila kuonekana?

Utashangaa ni maneno mangapi yanayokwama kwenye swali la kwanza. "Tumefanya upimaji wa kisanduku cheusi" maana yake ni kwamba mpimaji hakutazama msimbo. Alitafuta nini, haisemi. "Upimaji wa mikono" ni jina baya zaidi, maana linataja kiungo kinachobonyeza vitufe na kukisahau kichwa kinachofanya kazi yote. "Upimaji wa kukubalika" nao una deni: nani amekubali, amekubali nini, kwa kigezo gani?

Fujo nyingi hutokana na kuchanganya maneno yasiyo ya aina moja. Yapo yanayotaja ngazi: yuniti, muunganiko, mfumo mzima. Yapo yanayotaja lengo: usalama, kasi, urahisi wa kutumia. Mengine hutaja mbinu ya kuchagua data, kama mipaka na makundi ya thamani. Na mengine hutaja sababu ya kupima, kama regresheni, yaani hofu kwamba mabadiliko ya leo yameharibu kilichokuwa kikifanya kazi jana. Jaribio moja linaweza kuwa la yuniti, la usalama, la mipaka na la regresheni kwa pamoja. Kwa hiyo ripoti inaposema "tumefanya ya yuniti, ya usalama na ya regresheni", usihesabu vitu vitatu. Uliza ya usalama yalifanyika kwenye ngazi gani, na ya yuniti yalichaguliwa kwa mbinu gani. Mara nyingi jibu la swali hili la pili ni kwamba hakuna mbinu iliyotumika.

Hatua ya 2: Tenganisha kosa, dosari na hitilafu

Watu wa kazi hii huyatumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mijadala mingi inapopotea njia. Mtu hufanya kosa, la kuelewa vibaya au la kuandika vibaya. Kosa huacha dosari kwenye msimbo au kwenye hati. Dosari ikiguswa katika hali fulani huzaa hitilafu, ile tabia mbaya anayoiona mtumiaji. Dosari inaweza kulala miaka bila kuzaa hitilafu hata moja.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza, na haikumaliza dakika moja angani. Programu ya mfumo wake wa kuongoza ilirithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na mahali panapobadilisha namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16 yenye alama, ambayo haiwezi kuvuka 32,767. Kwenye njia ya Ariane 4 thamani hiyo haikufika huko. Ariane 5 ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikafurika, mfumo ukajizima. Mfumo wa akiba nao ulikuwa na programu ileile, ukafa kwa sababu ileile.

Msimbo haukubadilika, kilichobadilika ni chombo kilichoubeba. Ndiyo maana sentensi "sehemu hii ilishapimwa" haijakamilika mpaka iseme ilipimwa katika hali zipi, na kama hali hizo ndizo za sasa.

Utengano huu una faida nyingine ya kila siku: unakulinda na takwimu za bure. Hitilafu 10 zilizosajiliwa zinaweza kutoka kwenye dosari moja, na hitilafu moja inaweza kuhitaji dosari mbili zikutane. Ukipima uhodari wa mpimaji kwa idadi ya tiketi (taarifa za hitilafu) anazofungua, atakufungulia tiketi, na utazipata nyingi.

Hatua ya 3: Uliza jaribio linajuaje

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi. Jaribio lolote lina pande mbili: kufanya kitu, na kuamua kama kilichotokea ni sawa. Upande wa pili watafiti huuita orakuli. Mwaka 1982 Elaine Weyuker aliandika kuhusu programu ambazo orakuli haipatikani, au inapatikana kwa gharama isiyobebeka: programu iliyoandikwa kwa sababu hatukujua jibu tangu mwanzo. Tatizo hilo leo ni kubwa kuliko wakati ule, kwa sababu mifumo inayopendekeza, inayotabiri na inayotunga maandishi iko kila mahali.

Fanya zoezi hili. Chagua majaribio 10 ya kiotomatiki bila kupendelea, kisha kwa kila moja andika thamani inayotarajiwa ilitoka wapi. Utakutana na majibu ya namna hii:

- Ilitoka kwenye sharti lililoandikwa. Ni nzuri, ila haikuambii kama sharti lenyewe ni sahihi.
- Ilikokotolewa kwa njia nyingine, au na mfumo mwingine usiohusiana. Nzuri sana, lakini hakikisha kweli havihusiani. Wawili waliosoma hati moja yenye utata wanaweza kukosea kwa namna moja.
- Ilinakiliwa kutoka kwenye matokeo ya programu yenyewe siku jaribio lilipoandikwa. Hili si jaribio la usahihi. Ni kengele ya mabadiliko, nayo ina kazi yake, ila likipita halithibitishi kwamba jibu ni sahihi. Linathibitisha kwamba jibu halijabadilika.
- Haipo. Jaribio linaita msimbo na kuridhika kwamba haukuanguka.

Aina mbili za mwisho ni nyingi kuliko wanavyokiri wenye nazo.

Pale ambapo jibu sahihi halijulikani, tafuta uhusiano kati ya majibu. Mwaka 1998 T. Y. Chen na wenzake walipendekeza njia hii, na bado haitumiki kadiri inavyostahili. Hujui injini ya utafutaji inapaswa kurudisha matokeo mangapi kwa neno fulani, lakini unajua kwamba ukiongeza kichujio matokeo hayapaswi kuongezeka. Hujui njia fupi kuliko zote kati ya A na B ina urefu gani, lakini unajua kwamba haiwezi kuwa ndefu kuliko ya kupitia C. Andika mahusiano matano ya aina hii kwa mfumo wako. Ukishindwa kupata hata mawili, huenda bado hujaelewa mfumo huo unatakiwa kufanya nini, na kuligundua hilo mapema ni faida.

Kisha liharibu kila jaribio unalolitegemea. Badilisha msimbo kwa makusudi, endesha jaribio, uone kama linalalamika. Jaribio ambalo halijawahi kuonekana likishindwa bado halijathibitisha kwamba linaweza kushindwa.

Hatua ya 4: Ichukulie mbinu kama dhana, kisha uivunje

Tuchukue mfumo wa kukata tiketi. Sharti linasema: msafiri aliye chini ya miaka 12 alipe nusu nauli, mwenye miaka 60 au zaidi alipe robo tatu, wengine walipe nauli kamili.

Mbinu ya makundi ya thamani inakwambia kuna makundi matatu, basi chagua mmoja kutoka kila kundi: 8, 30, 70. Dhana iliyofichwa hapo ni kwamba programu inawatendea wote wa kundi moja sawasawa. Hiyo ndiyo imani unayopaswa kuihoji. Mgawanyo wako umetoka kwenye sharti. Msimbo unaweza kuwa umegawanya kwingine kabisa. Labda mwanaprogramu alihifadhi umri mahali penye nafasi ya tarakimu mbili, na mwenye miaka 100 anasomeka kama mtoto wa miaka 10 au kama kosa. Kundi la "60 na zaidi" lilikuwa makundi mawili muda wote.

Mbinu ya mipaka inaongeza 11, 12, 59 na 60, kwa dhana kwamba wanaprogramu hukosea kati ya "chini ya" na "chini ya au sawa na". Dhana hii ina nguvu, na mbinu yenyewe ni rahisi kuitumia. Lakini tazama isichokiona: umri wa siku gani? Siku ya kukata tiketi au siku ya kusafiri? Mtoto anayetimiza miaka 12 katikati ya safari ya kwenda na kurudi analipa nini wakati wa kurudi? Aliyezaliwa tarehe 29 Februari anatimiza miaka 12 lini, kama mwaka huo hauna tarehe hiyo? Usikimbilie kujibu kwamba miaka 12 hugawanyika kwa 4, kwa hiyo tarehe itakuwepo. Aliyezaliwa 29 Februari 2088 atatimiza 12 mwaka 2100, na 2100 si mwaka mrefu. Huyo yuko mbali, nakubali. Lakini mwenye kutimiza 18 au 21 kwenye mfumo mwingine yuko mlangoni leo.

Hakuna swali hata moja kati ya hayo lililozalishwa na mbinu ya mipaka. Yametoka kwa mtu aliyesoma sharti na kujiuliza neno "umri" lina maana gani hapa. Mbinu hukuletea data kutokana na ulichokwisha kukiona. Yale usiyoyaona hayana mpaka wa kupimwa. Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni kuhoji sharti kwanza, kisha kutumia mbinu, kisha kumuuliza mtu aliyeandika msimbo: wewe umegawanya vipi?

Upimaji wa jozi nao uangalie kwa jicho hilohilo. Mipangilio 10 yenye chaguo 3 kila mmoja hutoa michanganyiko 59,049. Kwa majaribio kama 15 hivi unaweza kuhakikisha kila jozi ya chaguo imekutana angalau mara moja. Punguzo hilo ni kubwa, na dhana yake ni kwamba dosari nyingi huchochewa na chaguo moja au mawili. Watafiti wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wakiongozwa na Richard Kuhn, walichunguza hitilafu za mifumo halisi na kuona kwamba nyingi ziko hivyo, ila chache zilihitaji vigezo vitatu na zaidi, hadi sita. Kama mfumo wako unahusu uhai wa mtu, hizo chache ndizo zinazokuhusu.

Hatua ya 5: Isome asilimia kwa kuigeuza

Ufikiaji wa msimbo, yaani kiasi cha msimbo kilichoendeshwa na majaribio, huripotiwa kama alama ya mtihani: asilimia 92, vizuri. Rudi kwenye tiketi. Majaribio ya umri wa 8, 30 na 70 yanapita kwenye kila mstari na kila tawi la sharti lile. Asilimia 100 kwa 100. Sasa badilisha `umri < 12` iwe `umri <= 12`. Majaribio yote matatu bado yanapita, na kila mwenye miaka 12 analipa nusu.

Kuharibu msimbo kidogo kwa makusudi ili kuona kama majaribio yanatambua kuna jina, upimaji wa mutesheni, na wazo lake lilichapishwa mwaka 1978 na DeMillo, Lipton na Sayward. Zipo zana zinazofanya hivyo kiotomatiki kwa lugha nyingi. Hata bila zana, nusu saa ya kuharibu kwa mkono sehemu nyeti za msimbo itakwambia mengi kuliko asilimia.

Kuna upofu mwingine ambao hata mutesheni hauondoi: ufikiaji hupima msimbo uliopo. Dosari ya Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014 kwenye OpenSSL, maktaba ya msimbo inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, ilikuwa ukaguzi uliokosekana. Programu iliamini urefu uliotajwa na aliyetuma ujumbe, bila kuulinganisha na urefu halisi wa ujumbe huo, ikarudisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu isiyomhusu. Mstari ambao haukuandikwa hauwezi kuonekana mwekundu kwenye ripoti ya ufikiaji.

Matumizi sahihi yako kwenye viwango vya programu za ndege, DO-178B ya 1992 na DO-178C iliyofuata 2011. Huko majaribio hutungwa kutoka kwenye masharti, kisha ufikiaji hutumika kuuliza: kwa nini sehemu hii haikuguswa? Sharti limekosekana, jaribio limesahaulika, au msimbo hauna kazi? Nawe fanya hivyo. Ile asilimia 8 isiyofikiwa isome mstari kwa mstari. Ile 92 iache.

Hatua ya 6: Orodhesha kilicho halisi na kilicho bandia

"Jaribio la mfumo mzima" ni dai linaloweza kuhakikiwa kwa karatasi moja. Chora mfumo, kisha weka alama kwenye kila sehemu iliyokuwa bandia wakati wa jaribio: huduma ya malipo ya kuigiza, hifadhidata yenye safu 50, saa iliyosimamishwa, mtandao usiokatika. Kwenye Ariane 5, majaribio ya kuiga safari yaliendeshwa huku kifaa cha kuongoza kikiwakilishwa na programu ya kukiiga. Kifaa chenyewe hakikuwemo, na ndicho kilichoshindwa.

Kwa kila sehemu bandia, uliza tabia yake ilinakiliwa na nani, lini, na kama kuna jaribio lolote linalokutana na sehemu halisi. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: kilichopimwa ndicho kilichosakinishwa? Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa takriban dakika 45. Msimbo mpya ulikuwa umewekwa kwenye seva 7 kati ya 8, na ile ya nane ikaamsha msimbo wa zamani. Hakuna jaribio la yuniti ambalo lingeliona hilo.

Hatua ya 7: Maneno yanayotembea na amri ndani yake

Baadhi ya istilahi hazielezi tu; zinakuamuru. Haya nitayapitia haraka.

Piramidi ya majaribio, iliyoenezwa na Mike Cohn mwaka 2009, inataka majaribio mengi ya yuniti chini na machache ya kiolesura juu, kwa sababu ya juu ni ya polepole na huvunjika ovyo. Sababu ikiwepo, ifuate. Lakini kama kazi kubwa ya mfumo wako ni kuunganisha huduma za wengine, dosari zako ziko kwenye viungo, na chini nene ya piramidi itakuwa inapima msimbo ambao haukuwa na shida.

"Tuotomatishe asilimia 80": ya nini? Ya hatua zilizoandikwa labda. Upimaji wa uchunguzi, ambao Cem Kaner aliupa jina miaka ya 1980, hauna idadi ya hatua ya kugawia, maana mpimaji hujifunza, hubuni na kujaribu kwa wakati mmoja. Lakini nao usiwe kichaka cha kujificha. Mtu akisema amefanya upimaji wa uchunguzi, mwombe alichoandika: alilenga nini, alijaribu nini, kipi hakukigusa.

"Mbinu bora": bora kwa nani? Likitamkwa bila mazingira yake, ni maoni ya mtu aliyevaa sare.

Hatua ya 8: Andika upya ripoti, na uulize bila kuvunja timu

Ripoti ya kawaida husema: majaribio 1,240 yamepita, ufikiaji asilimia 92, regresheni imekamilika. Iandike hivi badala yake: "Kanuni za nauli zimepimwa dhidi ya jedwali lililokokotolewa na idara ya fedha bila kutumia mfumo wetu. Tuliharibu kanuni hizo mahali 14, majaribio yakagundua 13. Ya kumi na nne inahusu kuzungusha senti na bado iko wazi. Malipo yamepimwa kwa huduma ya kuigiza pekee. Hatujapima tiketi zinazovuka usiku wa manane." Meneja anayesoma hii anaweza kuamua. Anayesoma ya kwanza anaweza tu kupumua.

Kuhusu namna ya kuuliza: ukimwambia mwenzako mbele ya watu "ufikiaji wako hauna maana", atatetea asilimia yake hadi jioni. Omba mfano. "Nionyeshe jaribio moja ambalo lingeshindwa kama ukaguzi huu ungefutwa." Kama lipo, umejifunza kitu. Kama halipo, mtaona wote wawili kwa wakati mmoja, kwenye skrini, na pengo litazibwa kabla ya kikao kingine. Na timu ikikubaliana maana ya neno, iandikwe pale majaribio yanapokaa, pamoja na mfano wa jaribio halisi linaloitwa jina hilo na mfano wa lingine lisiloitwa hivyo. Faharasa isiyo na mifano husomwa siku inapoandikwa tu.